Mzizi Mkali na Pua ya Bi Zuhura

Wadogo zangu, mkisaga mzizi mkali msisimame juu ya mashine. Naanza na hilo kwa sababu kila mwaka naona mmoja wenu, katika majiko haya ya mtaa wa Xiaobei, anafungua kifuniko cha blenda na kuinama kama anayechungulia kisima. Baadaye anatafutwa jikoni hayupo. Yuko kwenye ngazi, ameshika kichwa, anamwita mama yake. Fungua dirisha kwanza. Geuza uso, ndipo ufungue kifuniko. Hesabu hadi ishirini kisha urudi, na hakuna atakayejua kwamba uliogopa.

Mimi nimeacha jiko mwaka huu. Magoti yamekataa ngazi za ghorofa tatu, na mtu wa miaka arobaini na minane asibishane na magoti yake, maana yeye ndiye atakayelala nayo. Nimepika Tanga nilikozaliwa, nimepika Mombasa, nimepika Maskati, kisha hapa Guangzhou. Kote huko nyuma nilikaa miaka miwili, ikizidi sana mitatu, halafu naanza kuota barabara. Nikifika mahali papya, namkumbuka muuza vitumbua wa mahali nilipotoka, nalia kidogo, kisha naota barabara nyingine. Hapa nimekaa miaka kumi na mmoja. Mkiniuliza kwa nini, huwa nawaambia ni kwa sababu ya vyura wa kukaanga, nanyi mnacheka kwa sababu mnajua siwali. Leo nitawajibu sawasawa, na jibu lenyewe linapitia kwenye ule mzizi.

Kwa wale ambao hamjaushika: kwa Kiswahili sijausikia ukiwa na jina lililotulia. Wachina wanauita la gen, yaani mzizi mkali, nasi tukachukua hivyo hivyo. Kwa sura ni kama muhogo uliofunga mwezi mzima bila kufuturu. Ngozi yake ni ya udongo, ndani mweupe. Ukiwa mzima hauna harufu hata chembe, unaweza kuulalia kama mto. Ukiukwangua ndipo unapoamka. Kama umekulia kwenye mlonge utaujua mara moja, kwa kuwa mzizi wa mlonge una harufu ileile. Bibi yangu alikuwa akituchimbia tukishikwa na mafua, anaukwangua kidogo kwenye kitambaa na kutunusisha, na mafua yanahama nyumba. Kunusa tu, lakini. Msije mkaenda kula mizizi ya mlonge mkasema kaka yenu wa Guangzhou kawafundisha. Ule si chakula, na mwenye mimba hata asiuguse. La gen ndio wa kula.

Jiko nililolifanyia kazi miaka hii yote lilikuwa la Bi Zuhura, mwanamke wa Unguja, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mtaa wa pili. Lilikuwa ghorofa ya tatu katika kichochoro nyuma ya jengo la Tianxiu Dasha. Meza saba, na dirisha moja linalotazama nguo za majirani. Kibao chetu kilikuwa kidogo kuliko sinia, lakini hakuna aliyekihitaji. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja walitoka kwenye ofisi za usafirishaji wakafuata harufu. Hata mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi ile aliambiwa, "Pinda kushoto, kisha fuata pua yako."

Na pua iliyopika harufu ile ilikuwa ya Bi Zuhura. Hakuonja kwa kijiko hata siku moja. Alikuwa anapita nyuma yako na kusema, "Ongeza iliki, mbili tu," na kweli zilikuwa zinatakiwa mbili tu. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nakaanga bizari nyembamba, yeye yuko chini kabisa kwenye ngazi na mfuko wa vitunguu. Nikasikia, "Tanga, ipua!" Nikaipua. Nikaitazama, haina kitu, rangi nzuri. Nikatafuna chembe moja, na kwa mbali sana, kwenye ncha ya ulimi, nikaukuta uchungu. Alipofika juu anahema nikamuuliza amejuaje.

"Macho yanadanganywa na taa," akasema. "Pua haina taa."

Alikuwa ananiita Tanga. Jina langu alilijua, ila hakuona sababu ya kulitumia.

Sasa nije kwenye siku ya mzizi. Ilikuwa mwezi wa tatu, ule msimu ambao kuta za Guangzhou zinatoa jasho na sakafu inakuwa kama imepigwa deki na mtu mvivu. Bi Zuhura alikuwa ameumwa homa kali wakati wa baridi, akalala wiki mbili, akarudi jikoni. Tulifurahi amerudi na hakuna aliyeuliza zaidi. Tukaenda soko la mboga kwa mama mmoja wa Kichina aliyetoka kaskazini, tukimwita laobanniang, yaani mama mwenye duka. Siku hiyo kaka yake alikuwa amemletea kutoka shambani boksi la mizizi ambayo hatujapata kuiona.

"Ni nini hii? Tangawizi?" nikamuuliza kwa Kichina changu cha sokoni.

"Si tangawizi."

"Ni kali kama pilipili?"

"Si kama pilipili," akasema, kisha akatabasamu kwa namna ambayo ingetakiwa kunionya. Akachukua kikwangulio cha karoti, akakwangua mapande mawili matatu, akamsogezea Bi Zuhura puani.

Bi Zuhura aliruka nyuma akapiga karai la konokono la muuza samaki wa jirani. Konokono wakamwagika, muuza samaki akaanza kutukana vizazi vyetu, na Bi Zuhura amesimama katikati, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Nikadhani amepofuka. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu alipougua.

"Tena," akasema.

"Bi Zuhura, watu wanatutazama."

"Mwambie akwangue tena, mwanangu."

Akanusa mara ya pili, akalia upya, akanunua boksi zima. Na hakupatana bei. Mwanamke yule alipatana hata na muuza kiberiti. Mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Mimi nilikuwa naokota konokono.

Kosa letu la kwanza na mzizi lilikuwa kosa la watu wa pwani, na mtu wa bara au Mchina asingeweza kulifanya. Sisi tukikutana na kitu kikali mikono inakwenda yenyewe kwenye achari. Embe, ndimu, mbilimbi, pilipili, vyote sheria ni moja: kata, tia chumvi, anika juani, kisha chemsha mafuta na hardali na uwatu, mimina, funga. Basi tukakata mizizi kilo saba, tukaitia chumvi, tukaianika kwenye sinia juu ya paa. Katika msimu ule ambao kanzu iliyofuliwa Jumatatu inavaliwa Ijumaa ikiwa bado mbichi kwapani. Siku ya tatu mizizi ilikuwa imeota manyoya kama paka. Ile iliyonusurika tukaiwekea feni usiku na mchana, kisha tukaimwagia mafuta yanayochemka, ikapiga kelele nzuri sana, tukajaza machupa kumi na moja, tukajipongeza.

Ijumaa tukamwekea Wanjiru. Huyu alikuwa msichana wa Kenya aliyekuja kwa ufadhili kusomea udaktari, na kila Ijumaa alikula kwetu, meza ya pembeni, kitabu kimoja upande wa kushoto na sahani upande wa kulia. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Tanga, hii ni nini?"

"Achari ya mzizi mkali."

"Na mkali ni nani sasa? Mimi naona natafuna kamba ya kiatu."

"Kula, ni dawa hiyo."

"Buda, mimi ndiye nasomea dawa. Hii ni kamba."

Alisema kweli. Ukali wote ulikuwa umekwenda, hata wa kumtoa chozi mtoto haukubaki. Nikarudi sokoni na chupa moja. Laobanniang akaonja, akafunika mdomo kwa mkono, akaita na mwenzake wa duka la pili aje aonje, wakacheka pamoja. Alipotosheka akanifundisha, na alichonifundisha ndicho ninachowafundisha nyinyi.

Ukali haukai ndani ya mzizi ukisubiri. Unazaliwa pale unapoukwangua, nyama yake inaporaruka. Moto unauua. Jua na upepo vinaufukuza. Siki inausimamisha palepale ulipofika. Kwa hiyo kazi yote iko katika kujua usubiri muda gani kati ya kukwangua na kutia siki. Ukitia papo hapo, utapata kitu kipole cha kumpa mgeni. Ukisubiri dakika tatu, utapata kitu cha kumkumbusha mtu dhambi zake. Ukisahau ukaenda kupiga soga, ukali unapita kilele na kushuka, na unabaki uchungu mtupu.

Nilipomweleza Bi Zuhura, aliitikia kwa kichwa kama aliyekuwa anajua siku zote. "Ni kama mtu mwenye hasira," akasema. "Ukimkatiza mapema hutajua alitaka kusema nini. Ukimwacha sana anavunja vyombo."

Chagueni mzizi mgumu, unaokatika kwa sauti. Ukibonyea kama sifongo, mrudishieni mwenyewe. Uweke kwenye friji kabla ya kuusaga, maana baridi inautunza. Menya, toa sehemu yoyote iliyoanza ukijani, na kama moyo wake umekuwa mti, utoe pia. Mkitumia blenda, wekeni maji ya barafu vijiko viwili vitatu tu, si kikombe, hamtengenezi uji. Dakika zikitimia tia siki nyeupe ya mchele na chumvi. Ndimu nayo inafaa, ina harufu nzuri, lakini ya ndimu iliwe wiki hiyohiyo. Ya siki, katika chupa ya kioo iliyofungwa vizuri, inakaa kwenye friji wiki tatu, nne. Ikiwa ya kahawia, imekwisha; msiihurumie. Na kamwe msiitie kwenye sufuria iliyo motoni. Mzizi huu unaliwa mezani. Changanya na mtindi mzito, weka pembeni ya nyama ya kuchoma. Au uitie kwenye kachumbari dakika ya mwisho. Samaki wa kukaanga mwenye mafuta mengi anaupenda kuliko anavyoipenda ndimu, na viazi vya kuchemsha vilivyopoa, ambavyo havina maisha, vinafufuka.

Basi tukafanikiwa. Wateja wakauzoea, wengine wakawa wanaleta wenzao kwa ajili ya kuwaona wakilia. Lakini Bi Zuhura alizidi. Kila asubuhi, kabla ya chai, alikwangua kipande akakishika puani, akafumba macho. Nikasema moyoni, wengine wana tumbaku, yeye ana mzizi. Wakati huohuo mambo madogo yalikuwa yanapita mbele yangu. Pilau yenye iliki mara mbili. Mchele ulioshika chini na yeye amesimama palepale. Siku moja maziwa yalikuwa yameharibika tangu jana yake, akayatia kwenye chai, akanikabidhi kikombe kwa upendo kabisa. Nikaimwaga kwenye sinki asione. Nilidhani ni uchovu. Pia, niseme ukweli, akili yangu ilikuwa nusu njiani. Rafiki yangu mmoja alikuwa ananiita niende mji wa Yiwu, nilikuwa nimetimiza miaka yangu mitatu, na begi lilishatoka chini ya kitanda. Nilikuwa nimeshaaga moyoni, mdomo tu ndio ulikuwa bado.

Jumatano moja asubuhi napanda ngazi. Ghorofa ya pili nikasikia harufu ya gesi. Nikadhani ni kwa jirani. Ghorofa ya tatu ikawa nzito mpaka naionja. Nikasukuma mlango. Bi Zuhura ameketi kwenye kigoda chake, anamenya vitunguu saumu, anaimba kwa sauti ya chini. Birika la chai lilikuwa limefurika na kuzima moto, swichi ya jiko iko wazi, gesi inatoka. Akaona moto umezimika. Akanyoosha mkono kuchukua kiberiti.

Sikumbuki kuvuka chumba. Nakumbuka nimeshika kifundo cha mkono wake kwa nguvu kiasi cha kumwumiza, naye ananitazama kama nimepagawa.

"Tanga, una nini?"

Nikafunga gesi, nikafungua dirisha na mlango. Shikeni hili pia: usiwashe feni, usiguse swichi ya taa. Nikamtoa hadi kwenye ngazi, tukaketi.

"Bi Zuhura, hukusikia harufu?"

"Harufu gani?"

Alipouliza hivyo nilielewa yote kwa mara moja, maziwa, iliki, na boksi la mizizi lisilopatanwa bei.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akamngoja jirani wa juu apite na baiskeli yake begani. "Tangu ile homa," akasema. "Niliamka siku moja nikamenya chungwa, nikalikuta ni maji. Nikasema harufu itarudi. Mpaka leo."

"Na pilau zote hizi?"

"Mikono inakumbuka. Naweka ninavyojua, namwachia Mungu."

"Na mzizi?"

"Mzizi nausikia." Akagusa katikati ya paji la uso. "Unanipiga hapa. Siku ile sokoni, miezi miwili hakuna kitu kilichonigusa pua, kisha kile kikanipiga. Nikasema, kumbe bado nimo humu ndani."

Ijumaa, kwa ruhusa yake, nilimwambia Wanjiru. Alifunga kitabu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. "Pua ina barabara mbili, Bi Zuhura," akasema. "Moja inabeba harufu. Nyingine inabeba muwasho na maumivu, kama vile ukikata kitunguu. Ile ya kwanza yako imekatika kwa homa. Ya pili iko sawa. Mzizi unapitia ya pili."

"Ya kwanza itafunguliwa?"

"Kwa wengine hufunguka. Kwa wengine haifunguki. Siwezi kukudanganya, mama. Nenda hospitali wakuangalie."

Akaenda. Hospitali nako wakamwambia asubiri. Aliporudi alivua viatu, akakaa kwenye meza ya wateja, kitu ambacho hakuwa akikifanya.

"Nafunga jiko, Tanga," akasema. "Mpishi asiye na pua ni fundi cherehani kipofu. Leo ni iliki, kesho nitawalisha watu sumu, au nitaichoma nyumba na majirani. Saidi anakuja Jumapili kuonja chakula cha walima wa bintiye. Nitampikia vizuri, niagane naye kwa heshima, kisha mwisho wa mwezi narudi Unguja. Wewe usimwambie mtu."

"Na mimi?"

"Wewe begi lako si liko tayari? Unadhani sijaliona?"

Nilikuwa nimekuja kuaga na sasa nilikuwa ninaagwa, na sikuipenda hata kidogo.

Huyu Bwana Saidi niwaelezeni kidogo. Alikuwa Mzanzibari aliyenunua magauni soko la nguo la Shisanhang na kuyapeleka nyumbani kwa makontena, mzee mkavu, safi, mwenye ulimi mrefu. Alikuwa na tabia ya kurudisha chai. Bi Zuhura alimpikia tangu jiko lilipofunguliwa, na akisema mezani kwamba mkono wa Zuhura umekufa, ikifika alasiri Tianxiu nzima imeshasikia. Akisema uko hai, walima wa bintiye, ile karamu ya harusi, ungejaza jiko mwaka mzima. Kwa Bi Zuhura hilo la mwaka mzima halikuwapo tena. Alichotaka ni kuondoka na jina lake.

Jumapili alinituma asubuhi kwa muuza nyama kuongeza nyama, na muuza nyama akanichelewesha. Nilipokuwa nje yeye akavunja nazi sita, akazikuna, akakamua tui. Wapishi wa kwetu tunavunja nazi moja moja na kunusa kila kifuu kabla hakijakutana na chenzake, mnalijua hilo. Yeye alivunja, akatazama kwa macho, nyama nyeupe, akaona zinafaa. Kuku wa kupaka akaenda jikoni kwa tui lile.

Nilipoingia Bwana Saidi alikuwa ameshaketi. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, sahani ya kwanza, iko mbele yake, na pembeni yake bakuli la mzizi. Mzizi uliokwanguliwa ni mweupe, umelowa, una chembechembe. Kwa Mzanzibari yeyote duniani ile ni chatne ya nazi. Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshachota kijiko kilichojaa, akakila chote kwa ile raha ya mtu aliyefika nyumbani.

Akasimama. Akakaa. Akashika meza. Uso ukawa mwekundu, machozi yakatoka, akakohoa mpaka kofia ikateleza.

"Zuhura," akasema alipopata sauti. "Nimekukosea nini?"

Bi Zuhura alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Akachota kijiko kama kile, akakila taratibu, machozi yake nayo yakashuka. Wakawa wanatazamana, wazee wawili wanaolia.

"Hapa ndipo ninaposikia, Saidi," akasema, na kicheko kikamkatikia. "Hapa tu. Kwingine kote sisikii. Sina pua tangu ile homa."

Sijui kama alikusudia. Nadhani mtu akishalia mbele ya mwingine mlango unabaki wazi.

Bwana Saidi akajifuta uso, akakunja leso yake mara nne. "Hunusi kitu?"

"Hata gesi."

"Basi huyo kuku aliye jikoni, nani amemnusa?"

Bi Zuhura akanigeukia. Nami nilikuwa bado mlangoni na mfuko wa nyama mkononi.

"Huyu?" Bwana Saidi akasema. "Huyu wa Tanga? Nyinyi si mnajua kujifukiza udi tu na kukaa barazani?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Na pua zetu ndizo zinazouchagua huo udi."

"Haya. Nenda kwenye sufuria, useme."

Nikaenda. Nilikuwa nimeshaisikia harufu fulani tangu ngazini, kwa mbali sana, nikijiambia ni kitu kingine. Nikafunua kifuniko. Iliki ilikuwa sawa, bizari sawa, pilipili sawa, na chini yake, kama sabuni iliyosahaulika kwenye kona, kulikuwa na nazi mbovu. Moja tu. Lakini nazi mbovu harabu ya nzima, na ikitokea tena harusini mtu angeijua hata kama Bwana Saidi, baada ya kijiko kile cha moto, asingeijua. Kwa dakika ile yeye asingejua. Hilo nililifikiria. Ningesema "safi", angekula kwa ulimi uliokufa ganzi, angesifu, na Bi Zuhura angeondoka na jina lake kama alivyotaka. Nami ningekwenda Yiwu.

"Kuna nazi mbovu humu, Bi Zuhura," nikasema.

Bwana Saidi akaweka kijiko mezani.

"Ngapi?" Bi Zuhura akauliza.

"Moja. Haizidi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akachukua vitambaa viwili, akashika sufuria masikio yote mawili, akaibeba mbele ya Bwana Saidi bila haraka, akamwaga kuku wote kwenye ndoo ya taka, na mchuzi, na tui la nazi sita. Nikadhani Bwana Saidi atasimama.

"Una haraka?" Bi Zuhura akamuuliza.

"Nina mzigo unafungwa huko soko la Liuhua."

"Mpigie anayefunga. Mwambie asubiri saa nzima."

Bwana Saidi akamtazama yeye, akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya meza kando ya sahani.

"Niletee maji," akasema. "Na huo moto wako usiuondoe. Niwekee kidogo, kidogo safari hii."

Bi Zuhura akaosha sufuria. Akaingiza kuku mwingine motoni, akachukua nazi, akaivunja kwa mgongo wa kisu, akanipa nusu. Nikanusa nikamrudishia, akaanza kukuna. Ya pili nzuri. Ya tatu nikaitupa. Hakuuliza kwa nini, akavunja nyingine. Tukaenda hivyo hadi zikatimia, yeye anavunja, mimi nasema "nzuri" au sisemi, na kule mezani mzee anapiga chafya na kumshukuru Mungu. Tui lilipokuwa tayari alilinyanyua juu ya sufuria, kisha akasita, akanisogezea bakuli usoni.

"Nimimine?"

Nikanusa, nikachukua muda wangu.

"Mimina," nikasema.